Mtu wa Kumchosha Mama

Mama yangu alicheka mpaka akapasuka, na hapo sijatia chumvi hata punje. Alipasuliwa ngiri ya kitovu siku ya Jumatatu, akashonwa, akarudishwa nyumbani. Alhamisi yake jirani yetu, fundi cherehani, akaja kumjulia hali, na alikuja na habari ya mumewe. Mume huyo alikwenda msibani kutoa pole, akaingia nyumba siyo, akalia kwa uchungu mpaka wafiwa wakamhurumia na kumwomba aseme maneno mawili juu ya marehemu. Akasimama, akafuta machozi, akasema marehemu alikuwa beki wa kutegemewa na kwamba timu haitapata tena mtu wa miguu kama ile. Marehemu alikuwa bibi wa miaka tisini.

Mama akacheka. Sasa, mama hacheki kama watu wengine. Amekuwa mpishi wa shule miaka thelathini, na watoto walikuwa wanajua chakula kimeiva kwa kusikia kicheko chake darasani. Huanzia puani, hushuka kifuani, kisha huingia tumboni na kupiga kambi huko dakika tano nzima. Siku hiyo kilipofika tumboni tukasikia "Uwi!" na shuka likaanza kuloa damu.

Daktari aliyemshona mara ya pili ni mwanamke mfupi asiyependa mchezo. Alitukusanya kando ya kitanda, mimi na mdogo wangu dereva wa lori, akamwambia mama, "Hii ni mishono kumi na miwili. Ngozi yako imechoka, mama. Ukipasuka tena sina pa kushikiza sindano. Itabidi upasuliwe upya, upasuaji mkubwa, na kwa presha yako hiyo mimi nasema wazi, naogopa. Siku kumi na nne. Usinyanyue kitu, usikohoe, usicheke."

"Nisicheke?" mama akauliza, na midomo ikaanza kumtetemeka.

"Mama!" tukapiga kelele wote watatu, daktari akiwemo.

Basi tukarudi naye nyumbani kama watu waliobeba trei ya mayai. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba nyumba yetu haifai kwa mgonjwa wa aina hiyo. Mimi ni msusi, na saluni yangu ni chumba cha mbele, ukuta mmoja tu na chumba cha mama. Wanawake hawaji saluni kusukwa, jamani, wanakuja kusema. Niliandika kwa kalamu nene kwenye kioo: HAPA HAKUNA STORI. Wakaanza kunong'ona, na minong'ono ndiyo mama aliyoitegea sikio. Nilizima redio. Nilifukuza majirani mlangoni. Mdogo wangu, ambaye hawezi kuomba chumvi bila kuigiza mtu, nilimkataza kuingia chumbani kabisa.

Haikusaidia. Siku ya pili, nyumba kimya, mama yuko peke yake anatazama dari, nikasikia puani kumeanza. Nikakimbia na chanuo mkononi.

"Mama, unacheka nini?"

"Beki," akasema, amejishika tumbo kwa mikono miwili. "Beki wa kutegemewa. Toka, mwanangu, ukinitazama ndiyo inazidi."

Nililia siku hiyo, nasema kweli. Nilikaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia. Mama yangu ndiye mtu pekee duniani ninayeweza kugombana naye asubuhi na kula naye sahani moja mchana, na sasa anakwenda kuniponyoka kwa ajili ya bibi wa miaka tisini nisiyemjua. Tatizo si wageni, nikaona. Tatizo ni kichwa chake mwenyewe. Ukimwacha kimya anakumbuka. Ukimsemesha anacheka. Alihitaji mtu wa kuongea naye kutwa bila kusema kitu chochote cha kukumbukwa.

Mdogo wangu alisimama mlangoni akinitazama, kisha akasema taratibu, "Dada, mlete mjomba."

Ala! Machozi yakakauka palepale.

Mjomba wetu, ndugu mdogo wa mama, ni fundi mizani. Anatengeneza mizani za sokoni, za madukani, za maghalani, na hakuna mwingine wa kumfikia. Ila kwa mazungumzo, Mungu amsamehe. Tunamwita Ngoja Nirudi, kwa sababu hajawahi kumaliza habari. Akifika mahali unapodhani sasa kitu kitatokea, anainua kidole na kusema, "Ngoja nirudi nyuma kidogo," na anarudi nyuma kweli, mpaka kwenye viatu alivyovaa siku hiyo na aliyemuuzia. Mara ya mwisho alipokaa saluni kwangu alimweleza mteja jinsi springi inavyolegea kwenye joto. Mteja yule aliondoka na nusu kichwa kimesukwa. Alisema anakwenda kununua maji, na mpaka leo hajarudi.

Kwa hiyo tulikuwa tunamkwepa. Akionekana mwanzo wa mtaa, mmoja ana mgonjwa wa kumtazama, mwingine ana jiko limewaka. Mimi nilishawahi kujificha chini ya mashine ya kukaushia nywele, mtu mzima mwenye watoto wawili. Si jambo la kujivunia, lakini nilifanya, na ningefanya tena.

Nilimkuta kwenye kibanda chake, ameinamia meza, anang'arisha jiwe la mizani la nusu kilo kwa kipande cha flana. Kila kitu mle ndani kimepangwa: bisibisi kwa urefu, bolti kwenye makopo kwa unene, na ukutani mizani sita, mishale yote imesimama kwenye sifuri. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mjomba, mama anakuulizia sana. Anasema hana wa kuongea naye."

Aliweka lile jiwe chini, akalifunika na flana. "Mimi?" akasema. "Dada ameniulizia mimi?"

"Wewe hasa."

Alinitazama kidogo. "Nasikia mishono ilifumuka. Alicheka nini?"

"Upuuzi tu wa majirani," nikasema.

"Ahaa," akasema mjomba, na akaanza kuchukua mkoba wake. Alichukua dakika arobaini kufunga kibanda, kwa sababu alinieleza kila kufuli.

Tulipofika chumbani kwa mama, alikaa kwenye kiti cha plastiki chenye ufa mguuni, karibu na dirisha, akaweka mkoba magotini. Mama alimkaribisha kwa furaha, kisha akanitolea macho mimi, macho ya kusema nimekukosea nini. Nikafunga mlango nikabaki nje na sikio langu.

"Dada," mjomba akaanza, "nikusimulie nilivyokwenda kutengeneza mizani ya mashine ya kusaga unga, miaka ishirini na miwili iliyopita. Ilikuwa Jumanne. Au tuseme Jumatano? Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana Jumatatu ile nilifua shati."

Baada ya robo saa mama alikuwa anakoroma.

Jamani, ilikuwa dawa! Siku ya nne mjomba alikuwa bado hajatoka nyumbani kwake kwenda kwenye hiyo mashine. Siku ya tano alipanda gari, akaeleza viti. Siku ya saba alifika, akaeleza mlango, na jinsi mizani ilivyokuwa ya kuchimbiwa sakafuni, jukwaa lake limelingana na sakafu, vumbi la unga limefunika kote pasijulikane wapi ni wapi. Kisha akarudi nyuma kueleza aina za sakafu. Mama aliamka, akala uji, akasikia habari ya saruji, akalala. Kidonda kikaanza kukauka. Nesi wa kubadilisha bandeji alikuja siku ya nane akasema hajaona mgonjwa aliyetulia hivi. Alikaa kumsubiri mjomba amalize sentensi moja, naye akasinzia na mkasi mkononi.

Mimi huku saluni nilikuwa naimba. Nilisuka vichwa vitano kwa siku, na wateja wote walikuwa wanapewa taarifa: mjomba kafika wapi? Bado yuko kwenye sakafu! Tulikuwa tunavunjika mbavu, lakini kimyakimya, tumeziba midomo na taulo.

Siku ya tisa nilipata hofu. Nilipeleka chai nikakuta mama yuko macho, anamtazama mdogo wake kwa namna nisiyoipenda. "Mdogo wangu," akasema, "hiyo kofia uliyovaa uliposhuka garini, ilikuwa rangi gani?" Na pua ikacheza.

Roho iliniruka. Mambo yalikuwa yamechosha mpaka yamepita upande wa pili, yanataka kuwa kichekesho. Lakini mjomba alimtupia jicho moja tu, pale tumboni, akaiacha kofia kama hajaisikia. "Bolti za mizani ile," akasema kwa sauti ileile, "zilikuwa kumi na sita. Ya kwanza, milimita kumi na mbili. Ya pili, milimita kumi na mbili. Ya tatu, milimita kumi na mbili." Alipofika ya kumi mama alikuwa amelala fofofo.

Nikasimama pale na chai yangu. Kuna kitu kilinigusa, ila nilikuwa na mteja anasubiri, nikakiacha.

Siku ya kumi ndiyo tuliyoharibu. Mdogo wangu dereva alipita nyumbani mchana, akasimama kwenye korido akiongea kwenye simu na mwenzake, na yule hajui kunong'ona, amezoea kushindana na injini. "Mama anaendelea vizuri! Tumemletea Ngoja Nirudi! Huyo ni bora kuliko vidonge vya usingizi, bwana, yaani tumemwita amchoshe mama makusudi, na anafanya kazi bila kujijua!"

Mimi nilikuwa nimetokeza kumwambia apunguze sauti. Nikainua macho, na mjomba amesimama mlango wa jikoni, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mdogo wangu alikata simu, akaitazama kama ndiyo iliyosema. Mjomba akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Chai imepoa," akasema, akapita katikati yetu kurudi chumbani.

Usiku ule sikulala vizuri. Zilibaki siku nne na mama alikuwa bado hajafungika sawasawa. Lakini wallahi siyo hilo pekee lililonikosesha usingizi. Niliona aibu. Nilimkumbuka mjomba kibandani anauliza "Mimi?", na jinsi alivyolifunika lile jiwe la nusu kilo kwa flana kabla ya kuondoka. Mtu anakwepwa mtaa mzima miaka na miaka, mara moja anaitwa, kumbe ameitwa kwa sababu ileile aliyokwepwa. Kulipopambazuka nikaenda sebuleni alikokuwa analala tangu tumlete. Mkeka umekunjwa, mto juu ya mkeka, mkoba haupo.

Nilimgongea mdogo wangu mlango kwa teke. "Amka! Mjomba ameondoka! Amka umfuate, na ulimi wako huo!"

"Shhh," ikasema sauti kutoka chumba cha mama. Nikasukuma mlango. Mjomba yuko kwenye kiti chake cha ufa, mkoba magotini, na mama ameegemea mto.

"Usimshtue mama yako," mjomba akaniambia. Kisha akamgeukia mama. "Juzi tuliishia bolti ya kumi, dada. Ya kumi na moja, milimita kumi na mbili."

Nikafunga mlango taratibu. Nilichemsha uji, nikapeleka bakuli mbili, ya mjomba nikaipeleka kwa magoti. Nikasema, "Mjomba, sukari imekutosha?" Akasema imetosha, akanieleza kwa nini kijiko cha chai hakiwezi kuaminika kama kipimo. Nikasimama nikasikiliza mpaka mwisho, au mpaka pale ambapo kwake ndipo mwisho.

Siku ya kumi na nne tukaenda hospitali wote wanne, kwenye gari dogo la kuazima. Daktari alimlaza mama, akatoa nyuzi moja moja, kumi na mbili, akazipanga kwenye trei. Kisha akaweka kiganja juu ya kovu.

"Kohoa."

Mama akakohoa. Mimi nikafumba macho.

"Vizuri. Sasa, kwa mgonjwa kama wewe nataka na kitu kingine, niwe na amani. Cheka."

"Nicheke nini?" mama akasema.

"Cheka tu."

Mama akajaribu. Akatoa kitu kama mbuzi aliyekanyagwa. Siku kumi na nne za kujikaza zilikuwa zimemfunga kila mahali. Mdogo wangu akamkumbusha beki wa kutegemewa, mama akatikisa kichwa. "Imechuja," akasema, na macho yakamjaa machozi. "Kicheko nimekilaza mpaka kimekufa." Nilimwona mama yangu kwa mara ya kwanza kama mzee.

Kutoka pale ukutani, mjomba akajikohoza.

"Dada, nikumalizie habari ya mizani."

"Si sasa, mjomba," mdogo wangu akasema.

"Nyamaza wewe!" nikamwambia.

"Tajiri wa mashine," mjomba akasema, "alilalamika kwamba mizani inazidisha. Kila kitu kinazidi kilo themanini. Na alikuwa mkali, hataki mtu asome mshale isipokuwa yeye. Nikaweka jiwe la kilo ishirini, akasoma, akasema mia. Nikafungua bolti zote kumi na sita, nikasafisha, nikafunga. Akasoma, mia. Siku mbili, dada! Siku ya tatu nikaona labda bwana huyu haoni vizuri. Nikamwambia, sogea, na mimi nitazame." Akainua kidole. "Ikawa mia na sitini na moja."

Mama alikuwa amemkazia macho.

"Tukatazamana, tunatetemeka. Tajiri anasema nimemharibia, mimi nasema labda ni mashetani. Ndipo mkewe akapita na ndoo kichwani, akatutazama, akasema, 'Nyinyi mabwana wawili, mnapima jiwe au mnajipima?'"

Mama akainua kichwa kidogo.

"Lile vumbi," mjomba akasema. "Ukingo wa jukwaa ulikuwa hauonekani. Bwana yule alikuwa anapanda juu ili asome. Kilo themanini. Na mimi, fundi, nikapanda pembeni yake. Sitini na moja."

Kikaanzia puani. Kikashuka kifuani. Mdogo wangu akamshika mama mkono wa kulia, mimi wa kushoto, kikaingia tumboni, na daktari kiganja chake bado kiko juu ya kovu, kinapanda na kushuka. Kile kicheko kilitoka mpaka wagonjwa wa korido wakafungua mlango. Mama alicheka akalia, akapumua, akasema "sitini na moja!" akaanza upya. Nilikuwa natazama uso wa daktari tu, sitazami kingine.

"Imeshika," daktari akasema. Alitaka kubaki na uso wake wa kazi, ukamshinda, akaegemea kabati akacheka na yeye. "Imeshika, jamani! Nendeni nyumbani!"

Nilimfuata mjomba nje kwenye benchi. "Ulijua," nikamwambia. "Tangu siku ya kwanza."

"Mwanangu, mishono imefumuka kwa kucheka, halafu unakuja kuniita mimi?" Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. "Habari ile inasimuliwa kwa dakika mbili. Kuinyoosha karibu wiki mbili ni kazi."

"Na mbona hujawahi kuimalizia?"

"Fundi mizani aliyejipima mwenyewe, nani atampelekea kazi? Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Niliitunza." Akakaza fundo. "Nimeona leo ndiyo siku yake."

Nikamshika mkono, huo mkono wake wenye harufu ya mafuta ya springi, nikambusu kiganjani kama mtoto mdogo, na yeye akaona haya akaangalia ukuta.

Tulipoingia garini mama akajinyoosha kiti cha nyuma, akamvuta mdogo wake akae naye. "Sasa anza mwanzo," akamwambia. "Nataka yote. Usiruke hata bolti."

"Ilikuwa Jumanne," mjomba akasema.

Kabla hatujafika njia panda mama alikuwa amelala mdomo wazi kwenye bega lake. Mbele, mdogo wangu alikuwa anapiga miayo na kujizaba makofi asije akasinzia kwenye usukani. Nikageuka kwenye kiti changu, nikamtazama mjomba.

"Endelea, mjomba. Kofia ilikuwa rangi gani?"

"Ya kijivu," akasema, na uso wote ukamchangamka. "Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo."